Sauti ya Babu Kwa Simu Yako

Chelangat,

Chai iko kwa thamosi. Nimepeleka maziwa kidogo yaliyobaki deri kuuza.

Nilikupa ile CD ya sherehe ya mahari ya shangazi yako utoe kwa kompyuta sauti ya marehemu babu yako akiita ng'ombe, nisikize nikiwa peke yangu. Ukaahidi. Kumbe umeifanya mlio wa simu! Leo asubuhi nikikamua, simu ikalia, babu akaita ng'ombe vile alikuwa akiita. Ng'ombe wetu Tapkigen akapiga ndoo teke, akakimbilia mlango wa nyumba kumtafuta. Wewe ukacheka.

~~Ifute yote leo.~~ Usifute kwa kompyuta. Itoe tu kwa simu.

Tapkigen bado amesimama mlangoni. Mrudishe wewe. Mimi nilishindwa kumwambia hayuko.

Nyanya yako, Kogo