Korongo Wanashinda Tangu Nikosane na Kaka Yangu

Bi Verna mpendwa,

Safu yako ya gazetini naisoma kila Alhamisi na miaka yote nimekuwa nikiwacheka wanaokuandikia, sasa yamenifika mimi, kwa hiyo nakuomba unisaidie kwanza halafu unicheke baadaye.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, mstaafu wa kiwanda cha vichwa vya treni, nina mke, Lorraine, na nina kaka mmoja tu duniani, Chester, aliyenizidi miaka mitano, na sisi wawili tumekalia viti vilevile uwanjani kwa Korongo, timu yetu ya besiboli, safu ya nane nyuma ya kituo cha kwanza, tangu marehemu baba alipotuachia, mwaka huu ni wa thelathini na moja, na hatujawahi kukosa mchezo wa kufungua msimu hata mwaka ule wachezaji walipochukua mafagio wakafagia theluji wenyewe. Kazi alitugawia baba: Chester anatazama na kutangaza, mimi nimeinamia daftari naandika, kila mpigaji na kisanduku chake, nani kapiga, nani kafika kituo gani, nani katolewa, kwa penseli, maana mwezi wa Aprili hapa Erie kalamu ya wino inagoma. Madaftari thelathini yako kabatini na hakuna kisanduku kitupu hata kimoja.

Sasa sikia. Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa ukumbi wa parokia tunakula samaki kama kawaida, Chester akaweka uma chini akasema, "Ray, nyumba nimeiuza. Nahamia Arizona kwa Denise," huyo Denise ni binti yake, "haya magoti hayaiwezi tena baridi ya hapa." Mimi nikamwuliza, "Na Korongo je?" Akacheka, akasema, "Huko nako besiboli ipo, mdogo wangu, tena watu wanaitazama wamevaa kaptura." Bi Verna, sijui nini kilinipanda kichwani, nilisimama mbele ya parokia nzima, padri akiwa na sahani yake mkononi, nikasema, "Basi nenda! Kiti chako nitampa mtu mwenye damu mwilini!" nikatoka, samaki wangu nikamwacha pale, na tangu siku hiyo hatujasemezana.

Siku ya kufungua msimu nikaenda peke yangu, kiti cha Chester nikaweka chupa yangu ya kahawa ili kisikae kitupu, na Korongo wakashinda kwa mikimbio tisa kwa mmoja. Kesho yake nikafanya vilevile, wakashinda tena. Na wewe ni mtu wa hapa, kanuni unaijua, kilicholeta ushindi hakiguswi, kwa hiyo sasa chupa lazima ikae pale mkono wake ukielekea uwanjani, blanketi lilelile, soseji bila haradali kwa sababu siku ya kwanza haradali ilikuwa imeisha, na wakicheza ugenini naisikiliza redio jikoni na chupa iko kwenye kiti ambacho Chester hukalia akija kwetu. Wamecheza kumi na tatu, wameshinda kumi na moja. Ile miwili waliyofungwa ina maelezo: wa kwanza, Lorraine aliiosha chupa bila kuniambia; wa pili, nilizidiwa nikaanza kumpigia Chester, nikabonyeza tarakimu sita kabla sijakata, na dakika hiyohiyo mrushaji wetu, yule kijana Tolliver mwenye mkono wa moto, akapigwa mpira ukavuka ukuta na watu watatu wakazunguka vituo vyote, mikimbio mitatu kwa pigo moja.

Wiki iliyopita mama mmoja alitaka kukaa pale, nikamwambia mwenyewe kaenda chooni. Awamu ya sita akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, huyo ndugu yako yuko chooni tangu saa saba. Tumwitie daktari?" Watu wa safu nzima wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilipofika kwenye gari nilikaa muda mrefu bila kuwasha injini.

Tena Chester amepiga. Mara ya kwanza aliacha ujumbe kwenye mashine: "Ray, kaka yako hapa. Lori la mizigo linakuja Jumatano tarehe thelathini. Jumapili Korongo wako nyumbani. Nije, au nisije?" Mara ya pili hakusema kitu, nikasikia redio tu nyuma yake, na ulikuwa mchezo uleule niliokuwa nausikiliza mimi, akakaa hivyo kama dakika nzima kisha akakata. Siku ya nne leo sijamjibu. Lorraine ameniambia, "Raymond, ukifa leo nitaizika hiyo chupa na wewe, ndiyo iliyobaki kuwa ndugu yako," na amehamia kulala chumba cha wageni, anasema hawezi kulala na mtu anayeiogopa simu.

Swali langu ni hili, je, ni vibaya nikisubiri mpaka wafungwe michezo mitatu mfululizo, mkosi uwe umeingia wenyewe, ndipo nimpigie? Shida ni kwamba lori linakuja na Korongo hawaonyeshi dalili ya kufungwa, na hii timu, Bi Verna, haijaanza msimu hivi tangu baba alipokuwa hai.

Kuna kingine kidogo ambacho hakihusiani. Daftari la mwaka huu lina matundu. Nikiinama kuandika, mchezo unanipita, nikitazama, sijaandika. Mpaka sasa sijui ni nani aliyepiga pigo la ushindi siku ya tatu, nilikuwa nachonga penseli.

Ni mimi,
Mwenye Viti Viwili, Erie Mashariki

*

Mwenye Viti Viwili,

Umeniomba nikusaidie kwanza nicheke baadaye. Nisamehe, nimeanza na kucheka. Na jina la kujificha ungelichagua vizuri zaidi; ukiandika "Raymond" na "Chester" na safu ya nane katika barua moja, mtu asiyekujua hapa Erie ni yule aliyezaliwa juzi.

Tuanze na mkosi. Sitakwambia hakuna kitu kama hicho, maana nitakuwa mnafiki. Skafu yangu ya Korongo haijaona maji tangu mchezo wa kwanza, na wenzangu ofisini wamesogeza meza zao karibu na dirisha. Soseji yako ile bila haradali, sina neno. Chupa yako igeuze unavyotaka. Lakini skafu yangu, baba, inanuka tu. Haijamkosesha mtu kaka.

Nawe ulitangaza mbele ya padri na samaki wake kwamba kiti utampa mtu mwenye damu mwilini. Haya, umempa nani? Umempa chupa ya kahawa. Hata damu ya baridi haina.

Sasa nikuulize. Huyo Tolliver wenu mwenye mkono wa moto, unadhani tutakaa naye mpaka lini? Wewe unafuata timu ndogo ya mji mdogo miaka thelathini na moja, huhitaji kufundishwa. Kijana akirusha vizuri mwezi wa Aprili, timu kubwa inamchukua kabla ya Juni, asubuhi moja tunafungua gazeti tunakuta kabati lake limeshaachwa tupu. Kila mwaka tunawalea, kila mwaka wanaondoka, na siku ya mwisho tunasimama tunampigia mtu makofi mpaka viganja vinauma. Hakuna anayemwambia mchezaji "basi nenda". Inakuwaje tunajua kumuaga kijana wa miaka ishirini na mbili tusiyemjua hata mama yake, halafu mtu aliyekufundisha kufunga kamba za viatu unamfukuza kwa kelele ukumbini?

Ulimwuliza, "Na Korongo je?" Parokia nzima ilijua ulichotaka kumwuliza hasa ni, "Na mimi je?" Raymond. Naye alijibu kwa mzaha wa kaptura kwa sababu ni mwanamume wa Erie, na wanaume wa Erie machozi yakikaribia hutafuta mzaha. Umemkasirikia mzaha. Mdomo ukakuponza, na sasa umetafuta timu nzima ya besiboli ikufichie aibu, vijana wa watu wanakimbia kwenye baridi ili wewe usipige simu!

Nimekukemea ya kutosha. Najua inauma. Mdogo mwenye kaka mmoja, kaka akihama, hakuna timu inayoliziba hilo pengo hata ikishinda michezo yote mia moja na thelathini na nane. Habari ya kukaa garini bila kuwasha injini ulifanya vizuri kuniandikia, maana hapo nimekuelewa kuliko kwenye barua yako yote.

Kwa hiyo usisubiri michezo mitatu. Usisubiri hata mmoja. Mpigie leo, kabla ya chakula cha mchana, tarakimu zote, pamoja na ile ya saba unayoiogopa. Akipokea, usianze na Korongo. Anza na ukumbi wa parokia: "Kaka, nilikosa, lile neno nalirudisha." Useme hivyohivyo, bila "lakini" nyuma yake. Akikutania, mwache akutanie, ni mkubwa wako na ana haki hiyo. Kisha mwambie, "Jumapili njoo." Umwambie na mkeo pia kwamba umempigia, arudi chumbani kwenu.

Jumapili mfuate nyumbani kwake mapema, magoti yale usiyaache yapande basi. Beba mablanketi mawili. Ile chupa iweke chini ya kiti, mnywe kilichomo, ndiyo kazi yake. Mama wa wiki iliyopita akitokea, mtambulishe: "Huyu ndiye aliyekuwa chooni." Nitalipa hata mimi niuone uso wa Chester.

Na akishafika Arizona msiachane na kazi ya baba yenu. Korongo wakianza saa kumi na mbili jioni hapa, kule kwa Denise ni saa tisa mchana. Redio siku hizi inasikika popote kwa simu ya mkononi, binti yake atamwonyesha. Yeye asikilize, akutangazie kwenye simu, wewe inama uandike. Kaptura avae, ana ruhusa yangu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Basi mji huu umelima, Raymond, ushindi kumi na moja kwa ugomvi wenu, na tunakushukuruni. Wakipatana, walisema, chukua kapu ukavune. Sisi wa safu za nyuma tutakuja na kapu letu Jumapili.

Utaniuliza, je, Korongo wakifungwa siku hiyo? Huenda wakafungwa. Timu yoyote hufungwa, tena yetu imezoea, na kama ni lazima lawama imwangukie mtu, sema ni Verna kafua skafu, maana Jumamosi naifua. Wewe kazi yako ni moja. Chester atatangaza, wewe andika, mpaka mtu wa mwisho atolewe. Kisha mwaka ujao theluji ikiwa bado iko kwenye ngazi, utalifungua daftari hili. Utakuta kurasa kumi na moja za ushindi zenye matundu, na utakuta ukurasa wa Jumapili ile, pengine tumefungwa kumi kwa bila, na hauna kisanduku kitupu hata kimoja.

Weka gazeti chini. Simu iko pale ukutani.

Verna