Kamba ya Mazoezi Imefika Muleba

Mama Neema wangu,

Morogoro hamjambo? Saruji nimeshusha Bukoba, sasa niko Muleba nasubiri zamu ya kupakia kahawa. Leo asubuhi, miguu ikiwa imeganda kwa siku tatu za usukani, nikakumbuka daktari alivyonisema kuhusu presha na kitambi. Nikaliacha lori, nikaanza kukimbia barabarani kama nilivyokuahidi.

Kumbe huku mtu mzima hakimbii hivihivi. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia migomba aliponiona alitupa jembe, akanifuata mbio. Majirani wanne nao wakatoka nyuma yake. Nilipoishiwa pumzi wakanizunguka.

"Pole, waitu, ndugu yetu. Nani kafariki?" mama akauliza.

Nikasema hakuna msiba, napunguza tumbo tu. Akalitazama tumbo kwa huruma.

"Hili si lako, ni kazi ya mkeo. Ukirudi umekonda, atasema Muleba hatuna chakula."

Sasa mke wangu, ningekuaibishaje? Kwa heshima yako nimekula ndizi kwa maharage na samaki, sahani mbili. Ya tatu niliikataa, ila si kwa nguvu.

Wamenisindikiza hadi kwenye gari na mkungu wa ndizi wa kukuletea. Basi usiseme tena kwamba ile kamba ya kuruka uliyoninunulia inakaa bure chini ya kiti. Leo nimeitoa, nikafungia mkungu.

Wasalimie watoto. Tutairuka ndizi zikiisha.

Baba Neema