Cherop Amepata Shule Gilgil

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Habari ya huko? Mgongo je? Najua huko uliko hakuna kuumwa mgongo, lakini nimezoea kuuliza. Sisi hapa Kaptembwo tuko wazima. Cherop wangu amefika miaka tisa, amerefuka, na bado haongei.

Mama, tangu tukuzike nimekuwa nikimtafutia shule inayojua watoto wenye usonji. Ile ya kwanza ilikuwa hapa mjini. Wiki nzima nilimfundisha kuinamisha kichwa aguswe na wakubwa, ndiyo salamu, kama ulivyotulea sisi, ili mwalimu mkuu aone ametoka nyumba ya heshima. Kuguswa tu, akapiga nduru na kumwuma mwalimu kidole. Akaniambia, "Mama, rudi naye, umfundishe adabu kwanza." Adabu! Na ni hiyo adabu yangu iliyomtoa nduru.

Kanisani nako wakasema aletwe mbele awekewe mikono kichwani. Hapo nikasimama, mimi mwoga unayenijua. "Mchungaji, mwombee ukiwa hapo hapo. Mkono wa Mungu utafika." Akina mama wakaguna. Mchungaji akaomba akiwa ameketi, na Cherop akatulia tuli.

Basi nikaacha kuuliza shule ziko na nini. Nikawa naomba kitu kimoja tu: niketi nyuma ya darasa asubuhi moja, nione. Mbili zilinikatalia. Ya Gilgil, darasa dogo ndani ya shule ya msingi, wakanipa kiti. Ukutani kuna picha za kila kinachofuata: kunawa, uji, kucheza. Mtoto akizidiwa na kelele, kuna kona yenye pazia. Halafu mwalimu akaniuliza, "Mama Cherop, akikasirika, nini humtuliza?"

Miaka tisa hakuna mtu ameniuliza hivyo. Nililia. Jibu ulikuwa nalo wewe, Mama. Ulikuwa unaketi naye kwenye gunia mnapukuchua mahindi, hamwangaliani, humdai salamu. Mimi nikakukaripia, "Unamharibu huyu mtoto." Ukasema, "Nimelea saba, niache na huyu." Nisamehe.

Nikamwambia mwalimu habari ya mahindi. Kesho yake nikarudi na Cherop, tukamkuta ameleta mahindi ya kwake, makavu. Akaketi chini kando ya Cherop bila neno, wakapukuchua. Baadaye Cherop akasogea mwenyewe, goti likagusa goti.

Wamempokea kwa muhula mmoja, waone anavyoendelea. Kwenda na kurudi kila siku hataweza, kwa hivyo Jumamosi tunahama. Nimepata chumba karibu na shule, na kibanda cha mboga nimemwachia mdogo wangu Leah. Kaka Kiprono ananicheka: "Unahama kwa sababu ya mtoto hata hajui jina lake?" Anajua. Hugeuka akiitwa na mtu asiye na haraka.

Na muhula ukiisha wakisema hapana, nakuahidi, Mama, sitamfungia nyumbani. Nitabisha mlango mwingine, na mwingine, Bwana akinipa miguu.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Nijibu upesi, kabla ya Jumamosi, maana huko tunakohamia hakuna anayetujua bado.

Binti yako,
Rael