Nusu ya Maji ya Shangazi

Jumamosi, 7 Januari

Amekubali! Shangazi Mebruka amekubali! Lile shamba la babu lililokufa ni langu sasa, nilifanye shamba darasa. Na juu yake, nusu ya maji yake ya fogara, ule mfereji wa chini ya ardhi! Nusu! Hapa Timimun, jangwani, mtu atakupa binti yake kabla hajakupa maji. Nusu nyingine inabaki kwenye bustani yake ya karoti, inayopakana na shamba langu kwa ukingo mmoja.

Sharti ni moja — maji yafike kila kitalu yenyewe, bila pampu. Pampu ndizo zinazonyonya fogara mpaka zinakauka, anasema. Yasipofika, nusu hiyo anapewa binamu Tayeb, mwenye hamu ya kulima nyanya za kuuza, na madawa yake yote. Nimembusu shangazi kichwani, nimembusu mikono, nimepiga teke birika la chai. Hata hakunigombeza.

Jumatatu, 9 Januari

Nimechora ramani tangu asubuhi. Mitende juu, mikomamanga chini yake, mboga chini kabisa — kivuli juu ya kivuli. Alfalfa ya kuurudishia udongo nguvu. Mbuzi wanne (samadi!). Shimo la mboji. Ua wa makuti ya mitende kuzuia mchanga. Na darasa — pale kilimani, na vitalu vya watoto kulizunguka, wauone mji wote mwekundu. Nimekipaka kilima rangi mara tatu. Mimi ni hatari!

Jumanne, 10 Januari

Ba Hammu, mpima maji wetu, alikuja na bamba lake la shaba lenye matundu. Hulibeba kama mtoto mchanga, asiguse mtu. Akaziba tundu hili, akazibua lile, akahesabu kwa kidole mchangani, akatangaza fungu letu. Halafu akaiona ramani yangu. Akaigeuza juu chini. Akacheka hadi kilemba kikalegea.

"Binti, vitalu vya watoto viko kilimani?"

"Ndiyo, Ba. Kwa ajili ya mandhari."

"Na maji nayo yatapanda kutazama mandhari?"

Ya Rabi! Mimi, mjukuu wa mchimba fogara! Maji hufuata mkondo, na hapa hata mbuzi wanajua kwamba maji yakishuka, bustani inachimbwa iyafuate. Miaka mitano ya chuo Oran, nimesahau nilichonyonya kwa mama. Tayeb alikuwa mlangoni, bila shaka. "Pole, Bi Profesa. Nyanya zangu wala hazijali mandhari." Aibu! Nilijifungia na bakuli zima la tende.

Shangazi akanifuata. Kilima kile si jabali, akasema, ni mchanga uliorundikana tangu babu afe, na mchanga huchimbwa. Kanipa mpaka Jumapili ya tarehe 22, adhana ya adhuhuri. Hata dakika moja zaidi hataongeza.

Alhamisi, 12 Januari

Siku mbili nachimba peke yangu. Kilima hakina habari kama nipo.

Jumamosi, 14 Januari

Tuiza! Jana baada ya sala shangazi alipita nyumba kwa nyumba, na leo mtaa mzima uko shambani! Ikiitwa tuiza huulizi utapata nini, unauliza jembe liko wapi. Vikapu vya mchanga vinapita mkono kwa mkono, kuskusi inafuka, wanawake wanaimba na kuwasema wanaume wavivu kwa majina. Hata Tayeb yupo. Kasema amekuja kuhakikisha tunashindwa vizuri. Kachimba kuliko wote, fedhuli yule, nampenda. Ba Hammu anapima mteremko kwa kamba na kupayuka, "Bado kiganja! Bado!" Mikono yangu malengelenge matupu, nami nacheka ovyo kama mwehu.

Alhamisi, 19 Januari

Kilima hakipo! Pana bonde, na darasa liko ndani yake, na upepo unapita juu ya vichwa vyetu. Zuri kuliko lile la kwenye ramani, sitamwambia mtu. Samadi imeingia. Mwalimu Kelthum ataleta watoto arobaini. Naogopa. Nafurahi. Sijui kipi ni kipi.

Jumapili, 22 Januari

Naandikia magotini, la sivyo nitakula kucha.

Tumefungua maji saa nne. Yametoka! Kitalu cha kwanza, cha pili, cha tano — watoto wanakimbia nayo sambamba, wanapiga kelele, mmoja katumbukia. Cha tisa. Cha kumi na moja.

Na hapo yamesimama. Udongo mpya una kiu, unakunywa yote. Kitalu cha kumi na mbili, cha mwisho, kiko hatua tatu mbele, kikavu. Tayeb hacheki. Ba Hammu anatazama jua. "Robo saa, binti." Machozi yananitoka mbele ya watoto arobaini, potelea mbali.

Shangazi hakuniangalia. Kavua viatu. Kachukua jembe mkononi mwa Tayeb, kaenda kwenye ukingo wa bustani yake — anaubomoa! Anaugeuza mfereji wake uje kwetu!

"Mebruka!" Ba Hammu anapayuka. "Hayo ni ya karoti zako!"

"Karoti zangu zilikunywa jana!"

"Lakini sharti uliweka wewe mwenyewe!"

"Nilisema bila pampu. Unaona pampu hapa?"

Tope limemfika magotini. Maji yameingia, yanasukuma majani makavu mbele yake. Hatua mbili zimebaki. Muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Watoto wamelala kifudifudi wote, wanayapulizia maji. Hatua moja na — yamefika! Adhana ndiyo kwanza inaanza!