Kifua Nilichokataa Kukipima

Mpendwa mama mkwe,

Miaka kumi na tisa tuliongea kupitia ukuta. Nikifika kwako Isecheno, ulipitia mlango wa nyuma, leso imekufunika hadi kichwani, ukamtuma mjukuu aniletee obusuma na ingokho, ugali kwa kuku. Kisha ulimwuliza mbwa, kwa sauti ya kufika sebuleni: "Simba, daktari ameshiba ama anatuonea haya?" Nami nikamjibu Simba kwamba nimeshiba. Binti yako alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Ndiyo mila yetu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hamshiki mkono, sembuse kumwona kifua. Na kazi yangu mimi ni vifua vya watu. Navipasua, natoa uvimbe, na siku zisizo za upasuaji natafiti dawa mpya ya saratani ya mapafu. Uliwatambia majirani: "Mkwe wangu anatafutanga dawa ya ile ugonjwa imeshinda wazungu."

Ulipoanza kukohoa, uliambiwa una TB, ukameza vidonge miezi sita bila nafuu. Ndipo ukanipigia simu wewe mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho. Nilikuwa kliniki, wagonjwa wa utafiti wamejaa kwenye benchi.

"Daktari, leta ingokho moja tuchinje, tumalize hii mambo ya kuogopana. Mimi sina haya tena. Unipime."

Nikakwambia, "Hapana mama, tutavunja heshima. Nitakutafutia daktari mwingine."

"Sawa, baba," ukasema, ukakata.

Huyo daktari nilimtafuta baada ya wiki saba. Picha ya kifua chako ilipoletwa mezani kwangu, nilijua hata kabla sijaketi. Uvimbe ulikuwa umeshika mshipa mkubwa wa damu, hapakuwa na cha kukata, na dawa yangu hapewi mtu aliyedhoofika kiasi kile. Nilijifungia chooni nikalia kama mtoto.

Siku ya mazishi nilikaa na wakwe wenzangu, mbali na jeneza. Mzee wa ukoo alishika kipaza sauti akanisifu: daktari mzima, lakini hakuthubutu kumvunjia mama heshima! Watu wakapiga makofi. Binti yako akanifinya mkono kwa fahari. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Mama, haikuwa heshima. Mila ulikuwa umeshaifungua mwenyewe, kwa kuku mmoja. Mimi nilikuwa na shughuli zangu, na mila ikanipa pa kujificha. Najuta, na majuto hayanisaidii kitu.

Binti yako hajui kwamba uliwahi kunipigia. Kila Jumapili hapa Amalemba anawasimulia watoto jinsi baba yao alivyokuheshimu, nao wananitazama. Barua hii watoto na ukoo wataisoma baadaye. Yeye nampa sasa hivi, yuko jikoni.

Lala salama, mama.

Mkweo,
daktari