Picha Yako Iliyokwama Nyuma ya Kioo Cheusi

Kaka yangu Mwenda,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana tangu asubuhi kukaa kumenishinda. Kesho tunakuzika, na hadi saa nane mchana programu ya mazishi yako haikuwa na picha. Wewe, uliyechapisha programu za nusu ya mji wa Nkubu ukiwakaripia watu kwa kuleta picha mbovu za marehemu wao.

Kosa ni letu. Baba mdogo alihamisha kompyuta yako kutoka dukani kwako ati isiibwe wakati wa matanga, akabeba sanduku la mashine na kuacha kioo chake, ile screen. Mwenye nyumba amefunga duka na hashiki simu. Tukaiunganisha na kile kioo kizee cha sebuleni. Nembo ikatokea, kisha giza na maandishi madogo: "Out of range," yaani imepita uwezo wa kioo. Nilizima na kuwasha mara nne. Niliipiga kofi pia, nakiri.

"Si mtumie ile ya ID," baba mdogo akasema. "Hata hiyo ni yeye."

Ile uliyosema unafanana na mtu ameshikwa na mahindi ya jirani. Nilikasirika, nikatoka, nikazunguka migomba, nikarudi. Mpiga chapa wa Meru alitaka faili kabla ya saa tisa.

Ndipo nikakumbuka siku ya mvua dukani, ukinifundisha huku ukimaliza githeri yangu, mahindi na maharagwe ya mchana. "Ikionyesha logo ndiyo izime, mashine iko sawa. Ni screen imepewa kazi kubwa. Washa, ugonge kitufe cha F8 haraka haraka, uchague low resolution, ile ya picha ndogo." Nikauliza nigonge wakati gani hasa. "Wewe gonga tu, Kendi. Wacha maswali."

Nikagonga. Mara ya tatu orodha ikaja, nikachagua, kioo kikafunguka na herufi kubwa kama za vitabu vya chekechea. Nikaitafuta picha niliyokupiga kwa kamera yako mlangoni mwa duka, uliyokataa kunitumia ukisema utaipunguza ukubwa kwanza. Hukuipunguza. Ilifunguka kwa ukubwa wake wote, nikaona jicho moja tu. Ikabidi nikusogeze polepole: pua, kovu la kidevuni, yale meno ya kucheka.

Faili nimeshatuma. Baba mdogo anauliza kama azime mashine, nimemwambia asiguse. Sijakutazama karibu hivi tangu tulipolala kitanda kimoja utotoni. Nimekusogeza hadi ukosi wa shati, picha imeisha, na mkono wangu unakataa kuifunga.

Pumzika, kaka.

Dadako mdogo,
Kendi