Tandiko la Meja na Mgongo wa Kahawa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kituo cha polisi, Kampala, Ijumaa tarehe 7 Novemba 1975, mbele ya Inspekta Erinayo.

Jina: Kulthum binti Hamdun
Umri: miaka 38
Kazi: ofisa wa mifugo
Makazi: Nateete
Dini: Mwislamu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeitwa kueleza ninachokijua kuhusu farasi anayeitwa Kahawa, aliyemwangusha Meja, na kuhusu saisi wake, yaani mtunzaji wake, Ongom, ambaye yuko mahabusu katika kituo hiki akituhumiwa kumfundisha farasi huyo kumdhuru mkubwa wake. Jina la Meja naomba lisiandikwe. Inspekta anamjua, na kila mtu upande wa kambi ya jeshi ya Makindye anamjua.

Mnamo tarehe 1 Novemba, siku ya Jumamosi, kulikuwa na maonyesho ya farasi mbele ya wageni. Mimi sikuwepo. Niliyoyasikia ni kwamba Meja alipanda, farasi akazunguka uwanja mara moja, kisha akainamisha kichwa, akapandisha mgongo na kumrusha Meja kwenye matope. Wageni wengine walicheka kabla hawajakumbuka wako wapi. Ongom alikamatwa pale pale, hata hatamu hajaiachia.

Jumatatu tarehe 3 niliagizwa na ofisi yangu kwenda kumkagua farasi. Zizini nilimkuta luteni anayefanya kazi chini ya Meja. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza habari za duka la mume wangu. Mimi sikuwa nimemwambia kwamba nina mume, wala kwamba mume wangu ana duka. Kisha akasema, "Daktari, wewe andika farasi ni mzima. Ni saisi ndiyo mbaya." Nilimjibu kwamba sijamwona farasi bado.

Naomba nieleze jambo moja hapa ili kazi yangu ieleweke. Farasi akimrusha mtu, wengi husema ana kichwa kigumu, au amefundishwa ubaya, au amefanyiwa dawa. Sisi kazini tunaanza kwa kuuliza kama anaumwa. Farasi hana mdomo wa kulalamika. Anaumwa mgongo na watu wanamwona mkorofi, kisha anachapwa na ukorofi unazidi.

Nilimtazama meno, kwato na miguu, sikuona kasoro. Nilipopitisha vidole mgongoni, nyuma kidogo ya mabega, ngozi ilitetemeka, farasi akauzamisha mgongo akiukimbia mkono wangu na kugeuza shingo kuniuma. Niliminya tena upande wa pili, ikawa vile vile. Kulikuwa na uvimbe wa moto pande zote mbili, na manyoya yamekatika. Jeraha la namna hiyo halifanywi na mtu usiku mmoja. Linatokana na kitu kinachobana kila siku mahali pale pale.

Niliomba kuona tandiko. Luteni aliamuru liletwe, akasema kwa fahari kwamba ni zawadi ya Idd iliyopita, kutoka kwa wafanyabiashara wa Nateete. Lilikuwa zuri kweli, ngozi nyeusi inayong'aa, kiti kipana, misumari ya shaba pembeni. Nililigeuza. Kwenye kona za chini uzi ulikuwa umerudishwa mara mbili na kufungwa kwa ndani. Ninaujua mshono huo. Mikoba ya watoto wangu imeshonwa hivyo, na viatu nilivyovaa leo vimeshonwa hivyo. Fundi wa tandiko lile ni Habib bin Sadiq, mume wangu.

Nimeulizwa na Inspekta kama nilimwambia luteni. Najibu kwamba sikumwambia. Niliogopa, na leo bado naogopa.

Nyumbani nilimuuliza Habib, naye hakuficha. Wakati kazi hiyo inafanyika mimi nilikuwa Mubende kwenye chanjo ya ng'ombe, kwa hiyo sikujua. Wafanyabiashara walitaka zawadi iwe ya kushtukiza. Kwenda zizini kumpima farasi kungemfichulia Meja, hivyo walimpima Meja. Yaani walikwenda kwa fundi cherehani anayemshonea suruali, wakachukua vipimo vya makalio yake, wakamletea Habib. Habib ni fundi wa mikanda, mikoba na ngoma, na hajawahi kupanda farasi maisha yake yote. Fremu ya ndani aliipata kwenye tandiko kuukuu lililoachwa na familia moja ya Wahindi walipofukuzwa nchini. Lilikuwa la farasi mdogo wa kupandwa na watoto. Juu yake akajenga kiti cha kumtosha Meja. Wazee watano walikwenda kulikagua dukani, na wote walikagua kiti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza farasi ana upana gani.

Habib aliniambia jambo jingine, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Muda mfupi baada ya Idd, Ongom alifika dukani akiwa amevaa kiraia. Alisema farasi anakataa tandiko, akaomba lipanuliwe. Habib aliogopa. Zawadi ikishapokelewa na mtu kama yule, nani atakwenda kuidai ili airekebishe? Akamshauri Ongom aweke blanketi lililokunjwa chini ya tandiko ili liwe laini. Ongom akafanya hivyo kwa huruma yake. Lakini kiatu kikikubana halafu ukavaa soksi mbili, kinakubana zaidi. Kwa sababu ya blanketi hilo farasi alizidi kuumia, mpaka Jumamosi ile.

Ongom amepigwa tangu siku hiyo ili aseme nani alimtuma. Jina la Habib analijua, duka analijua, na angeweza kulitaja wakamwacha. Hakulitaja.

Jumanne tarehe 4 nilimwanzishia farasi dawa ya maumivu. Jumatano, dawa ikiwa bado mwilini, askari mmoja mwepesi alimpanda kwa tandiko lile lile, na farasi akazunguka uwanja kwa utulivu. Kama angekuwa amefundishwa kurusha watu, dawa ya maumivu isingemsahaulisha mafunzo. Niliacha kumpa dawa ili ipungue, nikaomba Meja mwenyewe aje aone, na Ongom aletwe ampande, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kumpanda akiwa hana dawa.

Alhamisi tarehe 6, saa nne asubuhi, Ongom aliletwa kwa gari. Jicho moja lilikuwa limefumba na alikuwa akivuta mguu. Farasi alimwona, akalia kwa kumwita. Askari waliokuwepo walitazama pembeni. Kwanza nilifunga tandiko la zamani la zizi. Ongom akapanda kwa shida, na farasi akatembea, kisha akakimbia taratibu, masikio mbele. Halafu nikafunga tandiko la Idd. Mkanda wa tumbo ulipokazwa, farasi alilaza masikio na kukenua meno. Ongom aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama daktari, mimi sipendi kumpanda na hii. Inamkata." Nilimwomba anisamehe, ampande. Mzunguko wa pili haukuisha. Farasi alipandisha mgongo, na Ongom akaruka chini kabla hajarushwa.

Nilimweleza Meja kwamba farasi hana ubaya, anaumwa, na kinachomuumiza ni tandiko, kwa sababu ni jembamba chini kuliko mgongo wake. Nilisema kwamba likipanuliwa na farasi akipumzishwa, yeye Meja atampanda bila taabu.

Meja akaenda kulikalia tandiko pale lilipowekwa juu ya gogo, akajisogeza kulia na kushoto. Kisha akasema, "Hii tandiko inanitosha vizuri. Tafuta farasi ingine yenye itaitosha."

Wote tukaitikia, "Ndiyo, afande." Na mimi niliitikia.

Alipokuwa anaingia garini aligeuka akasema, "Kama hii farasi inaumwa, iko mtu aliumiza. Mimi nataka huyo mtu." Ongom akarudishwa mahabusu. Nilikuwa nimefikiri nikithibitisha maumivu nitamwokoa. Kumbe nimemwondolea kosa la kumfundisha farasi, nikamwachia kosa la kumuumiza. Mchana huo huo Kahawa alipigwa risasi nyuma ya zizi. Alikuwa na umri wa miaka saba, na mgongo ule ungepona kwa majani mabichi na mapumziko.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Habib yote. Nilimsihi aondoke. Nilimwambia nitasema sikumtambua fundi, kwamba mishono yote ni sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika sindano yake mkononi. Akasema, "Mama Mariamu, yule kijana amepigwa siku ngapi na jina langu liko mdomoni mwake? Mimi nitakaaje dukani?" Nilimkasirikia. Niliwataja watoto, nikalia, nikamwambia ananifanya mjane kwa ajili ya mtu aliyemwona mara moja. Asubuhi alioga akavaa kanzu, na baada ya sala ya Ijumaa tukaja pamoja.

Nimeulizwa na Inspekta: ni nani aliyemuumiza farasi? Najibu kwamba ni tandiko.

Nimeulizwa tena: tandiko ni kitu, je, mtu ni nani? Najibu kwamba ni wengi. Ni waliotoa zawadi kwa hofu, na aliyeishona kwa hofu, na sisi tulioitikia ndiyo. Inspekta amesema hawezi kuandika hofu kwenye jalada kama jina la mtu. Basi aandike Habib bin Sadiq, fundi wa ngozi, Nateete. Hakukusudia ubaya. Alipima alichoambiwa apime. Ongom hana kosa hata moja, na ndiye peke yake aliyejaribu kumsaidia mnyama yule. Ana mke, Anena, ambaye amekaa nje ya lango la kituo tangu Jumapili.

Nimeulizwa kama ninajua Habib yuko wapi kwa sasa. Najibu kwamba ninajua. Amekaa kwenye benchi nje ya mlango huu. Anasubiri kuitwa.

Sina zaidi ya hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: Kulthum Hamdun

TAARIFA YA OFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta Erinayo, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali na kutia sahihi mbele yangu.

Kutokana na maelezo hayo sioni kosa la kumshikilia Ongom. Nimemwachia saa kumi alasiri kwa dhamana ya shahidi. Hawezi kutembea vizuri, hivyo ameondoka akishikwa na mkewe na Habib bin Sadiq.

Huyo Habib alikuwepo, na alikuwa tayari kutoa maelezo yake. Hata hivyo karatasi za maelezo zimekwisha kituoni. Nimemwagiza arudi Jumatatu saa tatu asubuhi. Sikumuuliza atakuwa wapi hadi siku hiyo.

Saa kumi na moja lilifika gari kutoka kambini kuuliza shahidi amemtaja nani. Nimewajibu kwamba maelezo hayajakamilika kwa kukosa karatasi, na kwamba yatakuwa tayari Jumatatu.

E., Inspekta